Muulize Ng'ombe Wake

Nianze na aibu yangu, mtu asije akanisifu bure: mimi ndiye niliyemwambia mdogo wangu avumilie. Nilimwambia mwaka wa tatu wa ndoa yake, nikamwambia tena mwaka wa tisa, na mwaka wa kumi na tano nilimwambia kwa simu huku nikikaanga vitunguu, hata jiko sikuzima. Vumilia, Linah. Wanaume ni hao hao. Nikikumbuka leo najisikia vibaya sana. Nimemwambia hivyo yeye mwenyewe, naye akacheka akasema angalau vitunguu havikuungua.

Linah aliolewa na Weldon kule Rongai, harusi ya kanisani yenye cheti na keki. Walianza na ng'ombe mmoja aliyekonda na ekari tatu. Miaka ishirini na miwili baadaye walikuwa na ekari saba, ng'ombe wanne wa gredi, wale wa maziwa mengi, na nyumba ya mawe yenye sebule ya kumkaribisha askofu. Aliyeamka saa kumi na moja alfajiri kukamua ni Linah. Aliyekata majani, aliyewapulizia kupe dawa, aliyekesha na ng'ombe anayezaa, ni Linah. Weldon alikuwa mtu wa mikutano. Sijui walikuwa wakijadili nini huko mikutanoni, maana miaka yote hiyo sikusikia kitu kimeamuliwa.

Mwaka jana, mwezi wa saba, Weldon alimleta nyumbani Chesang, msichana aliyekuwa akiuza dawa za mifugo pale sokoni. Akamwambia Linah ahamie nyumba ya nyuma, ile ya jikoni yenye kuta nyeusi kwa moshi. Alisema ni mila. Mila gani? Babu yetu alioa wanne, na kila mmoja alikuwa na nyumba yake, na hakuna aliyethubutu kumwondoa mke wa kwanza kwenye kitanda chake. Linah hakupiga kelele. Alichukua begi moja na vitabu vya binti yake Joyline, aliye kidato cha tatu, akaja kwangu Lanet.

Wiki iliyofuata alifungua kesi ya talaka. Wakili wake alikuwa Mastura, msichana wa Bondeni, mtoto wa muuza viungo, ambaye kila Jumatano huwasikiliza akina mama wasio na pesa ya wakili. Siku ya kwanza nilimsindikiza Linah, nikakaa pembeni na ujuzi wangu wote. Nilijua kama watu wengi wanavyojua: mwanamke akitoka kwa mume anatoka na sanduku lake, na pesa za korti ni za watoto.

"Matunzo ya mtoto ni ya mtoto, mama," Mastura aliniambia. "Kuna ingine ya mke mwenyewe. Anaweza kuomba kesi ikiendelea, na anaweza kuomba tena talaka ikishatoka."

"Milele?"

"Si milele. Korti inaangalia huyu anahitaji nini na yule anaweza nini. Wameishi pamoja miaka mingapi, nani alifanya kazi gani kwa hiyo boma. Inaweza kuwa ya miaka kadhaa tu, mpaka mtu asimame. Na akiolewa tena, inaisha."

"Na kama mwenye pesa ni mke?"

"Basi mume naye anaweza kuomba."

Nilicheka mpaka nikashika ukuta. Nikamwambia asiseme hivyo kwa sauti kubwa, wanaume wa Lanet wasije wakasikia wakajaa hapo mlangoni kesho.

Linah hakucheka. Aliuliza jambo moja tu. "Hiyo ya kesi ikiendelea, inachukua muda gani kupatikana?"

Hapo ndipo palipokuwa na mwiba. Talaka ingechukua muda, pengine mwaka, pengine zaidi, na mtu hali tarehe za korti. Linah alikuwa akifulia nguo wake za wanajeshi, siku nyingine anapata kazi, siku nyingine anarudi na mikono mitupu. Mimi na duka langu la mitumba tulikuwa tunajikokota. Joyline alirudishwa nyumbani kwa ajili ya karo mara mbili katika muhula mmoja. Na kila aliporudishwa, siku hiyo hiyo simu ililia. Alikuwa Kigen, ndugu yake Weldon, na ujumbe wake haukubadilika hata neno: Linah aondoe kesi, arudi ile nyumba ya nyuma, na karo italipwa kabla jua halijatua.

Weldon alijua anachofanya. Alikuwa anamvuta mke wake kwa kamba iliyofungwa kwenye shingo ya mtoto wao. Nilimchukia kwa hilo, na bado namchukia kidogo, hasa asubuhi.

Ombi la matunzo lilipangiwa kusikilizwa Jumanne moja ya mwezi wa pili. Jumatatu yake tukiwa mezani, Linah alikata ugali wake vipande vidogo bila kuvila.

"Cheruto," akaniambia, "nikikosa kesho, nitarudi."

"Utarudi wapi?"

"Rongai. Nyumba ya nyuma."

Nilikuwa na mwiko mkononi, na Mungu anajua nilikaribia kuutumia. "Urudi ukawapikie chai yeye na Chesang? Linah, umerogwa?"

"Joyline ana mtihani mwaka ujao. Mimi naweza kungoja korti. Yeye hawezi." Alisema kwa upole, kana kwamba mimi ndiye wa kubembelezwa. "Nimefikiria mwezi mzima. Usinigombeze, nimechoka."

Sikumgombeza. Nilienda kuosha sufuria iliyokuwa tayari safi.

Kesho yake tulifika kortini mapema. Weldon aliingia akiwa amevaa koti lililotoboka kwenye kiwiko. Ana suti tatu mtu huyu, moja nilimnunulia mimi mwenyewe Linah aliponiomba. Alitembea akiburuta miguu kidogo, akaketi kando ya wakili wake, bwana mmoja mnene aitwaye Mathenge, akatazama chini kama mjane. Kama singekuwa namjua ningemchangia.

Hati yake ya kiapo ilisomwa. Ilisema kwamba ukame na ugonjwa vimemmaliza. Ng'ombe wote wameuzwa isipokuwa mmoja, naye ni mzee, maziwa yake hayatoshi chai. Mwenye kiapo hana mapato yoyote, anaishi kwa kusaidiwa na ndugu. Kulikuwa na karatasi ya chama cha ushirika cha maziwa kuthibitisha: tangu mwezi wa nane, hakuna hata lita moja iliyopelekwa kwa jina la Weldon.

Karatasi ilikuwa ya kweli, na hiyo ndiyo iliyotutesa. Weldon alikuwa ameanza kupeleka maziwa yake kwa namba ya uanachama ya Kigen. Jirani zake wote walilijua hilo na hakuna aliyekuwa tayari kuja kulisema. Sisi pia tulilijua, lakini kujua si kuthibitisha.

Kisha Mathenge akaongeza lake. "Mheshimiwa, katika jamii hii kuna mila. Maziwa ya asubuhi ni ya baba, yanaenda kwa ushirika. Maziwa ya jioni ni ya mama wa nyumba, na mume haulizi. Mama huyu ameuzia hoteli za Rongai maziwa ya jioni kwa miaka mingi. Leo anakuja hapa kulia shida? Akiba yake iko wapi?"

Mila hiyo ipo, sikatai. Mama yetu aliishi kwa maziwa ya jioni, na mama yake pia. Lakini maziwa hayo hayajengi akiba, yanajenga watu. Ndiyo yaliyonunua chumvi, sabuni, sare za shule, dawa ya malaria, sadaka, na hata soksi alizokuwa amevaa Weldon pale kortini. Nikajikuta nimesimama.

"Muulize soksi ni za nani!" nikasema.

Karani wa korti akanionya kwamba nikifungua mdomo tena nitangojea nje na wauza njugu. Nikaketi.

Weldon akapanda kizimbani, na Mastura akapewa nafasi ya kumhoji juu ya kiapo chake. Alikuwa amejiandaa vizuri, maskini. Alimuuliza juu ya namba ya ushirika, juu ya Kigen, juu ya pesa zilizoingia kwa simu mwezi wa kumi. Weldon alijibu kwa unyenyekevu wa kutisha. Hakumbuki. Hajui. Hayo aulizwe Kigen. Yeye ni mzee tu wa shamba, simu zenyewe humsumbua.

Dakika ishirini zikapita hivyo. Hakimu, mama mmoja wa makamo mwenye miwani ya kamba, alitazama saa ya ukutani. Mastura alifungua ukurasa, akaurudisha, akaufungua tena. Nilianza kumwona Linah akiingia ile nyumba ya moshi na begi lake, na mimi nikiwa nimesimama stendi nimempungia mkono.

Hapo Linah akainama mbele akamvuta Mastura mkono wa koti. Nilikuwa nyuma yao, nikasikia kila neno.

"Usimuulize pesa," alinong'ona. "Muulize ng'ombe wake. Mwambie nimesema walikuwa wabaya, hata Senetaa, wa kuchinjwa tu."

Mastura ni mtoto wa mjini, maziwa anayoyajua ni ya pakiti. Alimtazama Linah kwa muda, na niliona wazi kwamba haelewi. Lakini alikuwa ameishiwa na maswali yake mwenyewe, na heri nusu shari kuliko shari kamili. Akageuka.

"Bwana Weldon, tuache hayo ya simu. Haya maziwa ya jioni ambayo mke wako alikuwa anauza. Yalikuwa lita ngapi kwa siku?"

Weldon alitulia, kwani swali hili lilikuwa upande wake. "Ishirini na nne. Siku ingine ishirini na tano."

"Kwa ng'ombe wangapi?"

"Wanne."

"Lita sita kila mmoja." Mastura akatikisa kichwa kwa huruma. "Hiyo si kidogo sana? Ndiyo maana mteja wangu anasema walikuwa ng'ombe dhaifu. Ng'ombe wabaya tu."

Weldon akainua uso kwa mara ya kwanza tangu asubuhi. Hakumtazama Mastura, alimtazama Linah. Linah alikuwa akikagua kucha zake.

"Nani amesema dhaifu?"

"Mke wako. Anasema hata yule mnayemwita Senetaa alikuwa wa kupeleka buchari."

Jamani, nimeishi na watu wetu miaka hamsini. Mwanamume wetu anaweza kudanganya juu ya pesa, juu ya alikolala, hata juu ya sala alizosali. Lakini ukimtukania ng'ombe wake mbele ya wageni, na tusi lenyewe limetoka kwa mwanamke aliyekuwa akimkamua ng'ombe huyo, hapo umemgusa mahali ambapo kiapo hakifiki. Niliona shingo ya Weldon ikijaa kwenye kola.

"Mheshimiwa," akamgeukia hakimu, na ule unyenyekevu ulikuwa umeshapotea, "huyo mama anajua hiyo ni uongo. Senetaa wa buchari? Senetaa alishika namba mbili kwa shoo ya kilimo! Watu walitoka Subukia kumwangalia!"

"Lakini lita sita, Bwana Weldon," akasema Mastura kwa upole.

"Hiyo ni ya jioni! Jioni ng'ombe hupeana kidogo, hata mtoto anajua hiyo. Asubuhi hizo nne zinanipatia lita arobaini na tano. Senetaa peke yake ni kumi na nane!"

Mathenge alinyanyuka nusu. "Mheshimiwa, naomba..."

"Keti, wakili," hakimu akasema. "Shahidi hajamaliza."

Mastura sasa alikuwa ameelewa. Nilimwona mgongo wake ukinyooka. Akashusha sauti zaidi, kama mtu anayempa pole mfiwa. "Sawa, alikuwa ng'ombe mzuri. Ni huzuni kwamba ulimuuza."

"Nani? Senetaa? Nani anaweza kuuza Senetaa?" Weldon aligonga ukingo wa kizimba kwa kiganja. "Hata leo asubuhi amenipatia kumi na saba, na ako na mimba ya miezi mitano!"

Mahali fulani nyuma mtu alianza kucheka akajiziba mdomo, na safari hii sikuwa mimi.

"Leo asubuhi?" hakimu akauliza, kalamu ikiwa tayari.

"Leo asubuhi, Mheshimiwa," akajibu Weldon kwa fahari, kisha akasikia alichokisema.

Tulifundishwa tukiwa watoto kwamba mdomo huponza kichwa. Weldon alikuwa na miaka hamsini na moja alipofika kwenye somo hilo. Aliketi taratibu. Mathenge alikuwa amefunika uso kwa faili.

Hakimu aliandika kwa muda mrefu. Alipomaliza alivua miwani akamtazama Linah. "Mama, haya maziwa ya jioni yalikuwa yako. Nani alikuwa anayakamua?"

"Mimi, Mheshimiwa."

"Na ya asubuhi?"

"Mimi."

Hakuuliza zaidi. Alisema atatoa uamuzi wake saa nane, na sisi tukaenda kuketi kwenye ngazi za nje. Linah alishika mkono wangu. Mkono wake ulikuwa na joto na ngozi ngumu ya maji ya sabuni, nikataka kulia, nikanunua njugu badala yake.

Saa nane ilipofika uamuzi ulisomwa kwa sauti isiyo na haraka. Hakimu alisema mwenye kiapo amekiri kwa kinywa chake kwamba ana ng'ombe wanne na lita arobaini na tano kila asubuhi, na hayo maziwa hayajimwagi yenyewe kwenye mkebe wa Kigen. Rekodi za namba ya Kigen ziletwe kortini ndani ya siku kumi na nne, na suala la kusema uongo chini ya kiapo litaangaliwa siku hiyo. Kwamba mke aliuza maziwa ya jioni si sababu ya kumnyima. Alichopata alikila pamoja na nyumba yake, na sasa hana ng'ombe wa asubuhi wala wa jioni. Weldon amlipe Linah shilingi elfu ishirini na tano kila mwezi kuanzia mwezi huu, hadi kesi ya talaka itakapoamuliwa. Karo ya Joyline yote, pamoja na deni, ilipwe kabla ya Ijumaa. Juu ya matunzo baada ya talaka, korti itasikiliza wakati wake ukifika.

Nililia. Nililia kwa sauti, na karani alinitazama akaniacha. Nililia kwa furaha na kwa ile mara ya vitunguu na mara nyingine zote. Mastura naye alikuwa akipangusa macho huku akijifanya anatafuta kalamu. Linah peke yake alikuwa mkavu. Alikuwa ameketi wima, mikono imetulia mapajani, na uso wake ulikuwa umerudi kuwa ule wa msichana niliyemfahamu kabla ya keki.

Tulipotoka nje tulimkuta Weldon akingoja chini ya ngazi, bila wakili wake. Lile koti bovu alikuwa amelivua, amelishika mkononi. Akanisalimia kwanza, kwa sababu mimi ni dada mkubwa wa mke wake.

"Shemeji, hamjambo."

"Hatujambo," nikasema, nikampisha, ingawa si mbali.

"Mama Joyline," akamwambia Linah, "mambo ya korti ni ya kuaibishana tu. Sisi ni watu wa nyumba moja. Wewe rudi. Si ile ya nyuma, nyumba yako kubwa. Huyu Chesang nitamwambia aende kwao. Hata leo."

Nikiri kitu. Moyo wangu uliruka. Nyumba ya mawe, ng'ombe wanne, jina lake likiwa safi kanisani: mimi yule wa zamani ningemsukuma mgongoni. Nilifunga mdomo wangu kwa nguvu zote nilizonazo, na si nyingi.

Linah alimtazama mume wake kwa utulivu, hata kwa wema. Mtu angeweza kudhani anafikiria. Kisha akamgeukia Mastura.

"Wakili, talaka ikishatoka, hiyo mambo ya shamba inafuata aje?"

"Tunafungua ingine," Mastura akasema. "Ya mali ya ndoa. Korti inaangalia mchango wa kila mtu, hata kazi ya nyumbani, hata kazi ya shamba. Inapimwa, inagawanywa."

"Ekari zote saba?"

"Zile mlizozipata mkiwa pamoja."

Linah akaitikia kwa kichwa, akaweka begi lake vizuri begani. Weldon alikuwa bado amesimama, bado anangoja jibu.

"Nitarudi, Baba Joyline," akamwambia. "Nitakuja na surveyor apime shamba. Ufunge mbwa."